Malalamiko kuhusu kalenda zenu za kuchapa za mechi za Vikings, msimu wa 2025

Brooklyn Park, Minnesota
10 Novemba 2025

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

KUH: SAA ZISIZO SAHIHI KATIKA KALENDA ZA MINNESOTA NA AFRIKA MASHARIKI

Bwana/Bibi,

Mimi ni mwenye mkahawa mdogo hapa Brooklyn Park. Wateja wangu wengi ni Wakenya, Watanzania na Wakongo, na siku ambayo Vikings, timu ya Minnesota ya futiboli ya Marekani, wanacheza ukumbi hujaa. Mwezi Mei, NFL, ligi ya futiboli ya Marekani, ilipotoa ratiba tarehe 14, nilinunua kwenu kalenda mbili za Kiswahili za kuchapa: moja ya mashabiki wa Minnesota, na nyingine mnayoiita toleo la Afrika Mashariki, ambayo nilimtumia mdogo wangu aliyeko Nakuru. Zote mbili zina makosa yaliyoniharibia kazi na kuwasumbua watu walioniamini. Nimeshawaandikia baruapepe. Kwanza nilijibiwa na mashine, kisha nikajibiwa na mtu kwa sentensi moja tu: "Ratiba inaweza kubadilika." Jibu hilo halihusiani kabisa na nililolalamikia, na ndiyo sababu ya barua hii.

Naanza na mechi ya Dublin, Jumapili ya tarehe 28 Septemba. Vikings walikutana na Pittsburgh Steelers katika uwanja wa Croke Park, na ilikuwa mara ya kwanza kwa Ireland kuandaa mechi ya msimu wa kawaida wa NFL. Watu wangu waliisubiri tangu kiangazi. Kalenda yenu ya Minnesota inasema mechi ni saa 3:30 asubuhi. Hiyo ni saa ya New York. Hapa kwetu mpira ulianza saa 2:30. Mimi nilikuwa jikoni, mandazi yako kwenye karai na chai ya maziwa inachemka. Kijana wangu alipowasha runinga saa tatu na dakika ishirini ili tuwaone wachezaji wakiingia uwanjani, tulikuta mpira umeanza zamani. Watu waliendelea kuingia mmoja mmoja hadi saa tatu na nusu, kila mmoja akiwa na nakala ya kalenda ile ile kwenye simu au kwenye pochi. Mama mmoja anayehudumia wazee katika makao ya hapa karibu alikuwa ametoka zamu ya usiku, akaacha kwenda kulala ili atazame mechi tangu mwanzo. Alisimama mbele ya karatasi iliyo ukutani, akaweka kidole kwenye mstari wa Dublin, akaniuliza, "Si wewe ndiye ulitupa hii?" Vikings walifungwa 24–21 siku ile, na kufungwa tunakujua. Ambalo hatukulijua ni kwamba karatasi tuliyoilipia ilikuwa na saa ya mji mwingine.

Naomba mlitazame jambo hili kwa makini, kwa sababu hapa ndipo jibu lenu linapoanguka. Saa ya mechi ya Dublin ilitangazwa mwezi Mei na haikubadilika hata kwa dakika moja mpaka siku ilipochezwa. Wiki tatu za kwanza katika kalenda yenu ziko sawa: Jumatatu ya tarehe 8 Septemba kule Chicago saa 1:15 usiku, Atlanta Falcons nyumbani tarehe 14 saa 1:20 usiku, Cincinnati Bengals tarehe 21 saa 6:00 mchana. Zote ni saa za hapa, na ndiyo maana tuliiamini karatasi. Kuanzia mstari wa wiki ya nne hadi chini kabisa, saa zote ni za mashariki mwa Marekani, yaani za New York, huku juu ya ukurasa pameandikwa kwa herufi kubwa "Saa za Minnesota". Ni wazi kwamba aliyekuwa akigeuza saa aliishia mstari wa tatu, na hakuna aliyesoma faili lile kabla halijawekwa sokoni.

Tofauti ya saa moja inaweza kuonekana ndogo kwa mtu aliye ofisini. Hapa si ndogo. Mechi nyingi za Jumapili nyumbani huanza saa sita mchana. Ibada ya Kiswahili ambayo wateja wangu wengi huhudhuria huisha karibu na saa hiyo hiyo. Mtu akijua mechi ni saa sita, ataenda ibada ya mapema. Akiambiwa saa saba, atakwenda ya kawaida, asalimiane na watu nje ya kanisa, aje kwangu akiwa ametulia, kisha akute nusu ya kwanza inakaribia kwisha. Tulipogundua kosa, nilichukua kalamu nikasahihisha karatasi ya ukutani. Lakini nakala zilizokuwa mikononi mwa watu sikuweza kuzifuata nyumba kwa nyumba. Tarehe 19 Oktoba, Philadelphia Eagles walipokuja U.S. Bank Stadium, uwanja wa nyumbani wa Vikings, bado kulikuwa na waliokuja saa saba.

Kuhusu wiki ya sita nitasema machache. Ilikuwa wiki ya mapumziko ya Vikings baada ya safari za Dublin na London. Kisanduku cha tarehe 12 Oktoba mmekiacha kitupu. Neno "mapumziko" lingetosha kabisa. Badala yake nilipokea simu asubuhi nzima kutoka kwa watu waliodhani mechi imesahauliwa kwenye kalenda.

Toleo la Afrika Mashariki lina tatizo la namna nyingine, na naona ni kubwa zaidi, maana shabiki aliyeko Nakuru hana runinga ya jirani ya kumsahihisha. Mechi ya Falcons ilianza saa 2:20 usiku wa Jumapili kwa saa za New York. Kwa Kenya hiyo ni saa 9:20 usiku wa kuamkia Jumatatu, tarehe 15 Septemba. Kalenda yenu inasema "Jumapili 14 Septemba, saa 9:20 usiku". Mdogo wangu akaamka usiku wa kuamkia Jumapili, kama ambavyo mtu yeyote kwetu angeelewa, akanunua bando la intaneti na kukaa gizani akitafuta mechi ambayo ilikuwa bado siku nzima mbele. Mechi za Jumatatu na Alhamisi usiku nazo mmeziandika hivyo hivyo. Kila mechi ya usiku ya Marekani huvuka saa sita usiku ikifika Afrika Mashariki, na njia ya kuiandika tunayo tangu zamani: usiku wa kuamkia siku fulani. Tumieni hiyo, na pembeni wekeni tarehe ya siku inayokucha.

Kisha kuna suala la kurudisha saa nyuma. Marekani hufanya hivyo Jumapili ya kwanza ya Novemba, na mwaka huu ilikuwa tarehe 2, siku ambayo Vikings walicheza na Lions kule Detroit. Kenya, Tanzania na Uganda hazibadilishi saa. Kwa hiyo mechi ya saa saba mchana ya New York, ambayo hadi Oktoba ilifika Nakuru saa mbili usiku, kuanzia tarehe 2 Novemba inafika saa tatu usiku. Kalenda yenu inaendelea na saa mbili hadi Januari. Hilo nalo halikuwa siri. Sheria inayopanga siku ya kubadilisha saa Marekani imekuwa ikitumika hivi tangu 2007, na mtu anayeuza ratiba ya kuvuka bahari anapaswa kuanza nayo.

Sasa nirudi kwenye sentensi yenu. Ni kweli kwamba ratiba ya NFL inaweza kubadilika, na mashabiki wa hapa tunalijua hilo. Ligi imekuwa na ruhusa ya kuhamisha mechi kwenda Jumapili usiku tangu 2006, na Jumatatu usiku tangu 2023. Kwa Jumapili usiku, kuanzia wiki ya 14 inaweza kutoa taarifa siku 6 tu kabla ya mechi. Kwa hiyo mechi ya tarehe 14 Desemba kule Dallas, iliyopangwa Jumapili usiku, ingepaswa kuwa na alama kwenye kalenda kwamba saa yake haijafungwa. Haina. Imeandikwa kwa wino ule ule na ukubwa ule ule kama mechi ya Krismasi, ambayo saa yake imeshafungwa.

Wiki ya 18 ndiyo inayonisikitisha kuliko zote. Vikings watawapokea Green Bay Packers, mahasimu wetu wakubwa, na hakuna mechi watu wa hapa wanayoipigania nafasi kama hiyo. NFL kwa makusudi haikupanga siku wala saa ya mechi yoyote ya wiki hiyo. Inasubiri wiki ya 17 iishe ndipo ipange, ili mechi zenye uzito wa kuingia hatua ya mtoano zipewe nafasi zake. Chache huwekwa Jumamosi na zilizobaki Jumapili. Ninyi mmeandika "Jumapili 4 Januari, saa 7:00 mchana", bila nyota wala maelezo. Hata ikitokea ichezwe siku hiyo, mlikuwa mnakisia, na kisio lenu mmeliuza kama habari. Wateja wangu wanafanya kazi katika makao ya wazee, hospitali na maghala. Huko mtu huomba kubadilishana zamu wiki kadhaa mapema, na akishapewa Jumapili hawezi kurudi kuomba Jumamosi. Wapo walioshaomba kwa kufuata karatasi yenu. Maneno "siku na saa kutangazwa" yangewaokoa, na yangeingia vizuri katika kisanduku kile.

Kuhusu uchapaji wenyewe, kalenda ya Minnesota mmeipanga kwa karatasi ya A4. Marekani karatasi ya kawaida ni Letter, ambayo ni fupi kuliko A4 kwa milimita 18. Nikiichapa kwa ukubwa wake, sehemu ya chini inakatwa, na kilichoko chini ni wiki ya 17 na ya 18: Detroit siku ya Krismasi na Green Bay Januari, mechi mbili za nyumbani za kufunga msimu. Nikiiambia printa ipunguze ili yote iingie, maandishi yanakuwa madogo kiasi kwamba mtu aliyekaa mezani hawezi kuyasoma ukutani. Na usuli wote ni zambarau iliyokolea. Rangi ya timu tunaipenda, lakini ukurasa mzima wa zambarau unamaliza wino, na mistari ya kalamu haionekani juu yake, kwa hiyo hata kusahihisha kwa mkono ni taabu. Wekeni zambarau kwenye kichwa cha ukurasa na mwacheni shabiki apate nafasi nyeupe ya kuandikia.

Haki isemwe: kuna mambo mmeyafanya vizuri. Mmetenganisha wazi mechi za nyumbani na za ugenini, nane na tisa. Mmeandika kila mechi inaonyeshwa wapi, hata ile ya Krismasi inayokuwa Netflix. Na mmeyafanya kwa Kiswahili kizuri ambacho wazee wetu wanakisoma bila kuuliza watoto. Ningetaka kuendelea kununua kwenu, na ndiyo maana nimeeleza kwa kirefu badala ya kudai pesa na kuondoka.

Naomba mambo haya. Toeni faili jipya la Minnesota, saa zote zikiwa za hapa kuanzia wiki ya 12, kwa karatasi ya Letter, kabla ya Jumapili ya tarehe 23 ambapo tunakwenda Green Bay. Mechi ya Chicago Bears ya tarehe 16 nimeshawatangazia wateja mwenyewe kwamba ni saa sita mchana. Toeni pia faili la Afrika Mashariki lenye saa za Novemba na kuendelea, A4 ibaki huko inakofaa, na mechi za usiku ziandikwe kwa siku ya kuamkia. Mechi ambazo ligi haijazifunga zitieni alama, na wiki ya 18 iandikwe kwamba haijatangazwa hadi itakapotangazwa. Kila faili liwe na tarehe ya marekebisho ya mwisho pembeni, ili mtu akishika nakala ajue kama ni ya Mei au ya Desemba.

Faili hilo msinitumie mimi peke yangu. Mnazo anwani za baruapepe za kila aliyenunua. Waandikieni wote, muwaambie ni mistari ipi ilikuwa na makosa, kwa maneno yaliyo wazi, bila kuisingizia ratiba. Na mimi mnirudishie dola 18 nilizolipa kwa kalenda zote mbili, kwa kuwa kazi ya kuzisahihisha nimeifanya mwenyewe. Nimeambatisha picha ya karatasi ya ukutani yenye marekebisho ya kalamu, pamoja na nakala ya risiti yenu na majibu mawili mliyonitumia.

Nitasubiri jibu lililoandikwa na mtu aliyeisoma barua hii hadi tarehe 20 Novemba. Likikosekana, nitaiomba benki yangu inirudishie malipo, na nitaiondoa kalenda yenu ukutani na kuwaambia wateja sababu.

Wenu mwaminifu,

Mwenye mkahawa,
Brooklyn Park, Minnesota