Barua ya wazi kwa wanangu wa kijiwe cha bodaboda

Wanangu,

Kila asubuhi nikipita hapo mbele ya duka la dawa kwenda sokoni mnaniamkia kwa pamoja, "Shikamoo Mama Nesi," nami naitikia marahaba huku natembea. Maneno ya njiani hukatwa na abiria, ndiyo maana nimeamua kuandika. Haya ningependa myasome mkiwa mmekaa, na wenzenu wa vijiwe vingine wayapate.

Nataka tuzungumze ile Jumanne ya mvua.

Wengi mlikuwepo. Mimi nilikuwa natoka sokoni na kapu la mchicha, giza halijaingia bado, nikasikia breki zinalia halafu kishindo. Nilipofika pale kwenye kalavati nikamkuta mwenzenu amelala ubavu, pikipiki imemlalia mguu, helmeti imebingirikia mtaroni. Damu ilikuwa inamtoka pajani, inaruka kwa mapigo. Nimefanya kazi ya uuguzi miaka 34, najua damu inayoruka hivyo inampa mtu dakika chache. Watu walishafika kama 40. Simu zilikuwa juu.

Na mimi nilisimama. Lazima niliseme hili kwanza kabla sijasema la mtu mwingine. Mimi ambaye mikono yangu ilishaifanya kazi hiyo mara zisizohesabika nilijikuta nawatazama watu usoni, kana kwamba kuna mmoja wao atakayeniambia kinachotokea ni nini. Sijui zilipita sekunde ngapi. Zilitosha kuninyima usingizi siku mbili.

Aliyeanza ni yule mdogo wenu aliyejiunga kijiweni mwaka huu, anayepiga deiwaka, yaani kuendesha pikipiki ya mwenzake kwa siku, kwa kuwa hajapata pikipiki ya mkataba. Alivua reflekta yake, akaikunja mara mbili, akapiga magoti kwenye tope na kuikandamiza pale pajani kwa viganja vyote viwili. Kisha akanyanyua kichwa na kumkazia mtu macho: "Wewe kaka wa kofia nyekundu, lete bajaji!" Papo hapo umati ukageuka. Mama muuza ndizi akafungua khanga yake ya juu akaitoa. Wanne wakainyanyua pikipiki. Mmoja akaenda kusimama katikati ya barabara kuzuia magari. Ni walewale waliokuwa wameshika simu. Hapo ndipo na mimi nikaliangusha kapu nikapiga magoti upande wa pili.

Lakini hatua kumi kutoka pale, katika umati huohuo, palikuwa na mwanzo mwingine. "Mshusheni! Chomeni gari!" Mwenye sauti ile anajijua, na simtaji, kwa sababu ni mwanangu kama nyinyi wengine. Jiwe la kwanza likapasua taa. La pili lilikuwa tayari mkononi. Dereva wa gari lililomgonga alikuwa mzee wa watu, ameng'ang'ania usukani kama vile gari bado linakwenda. Aliyemwokoa ni fundi wetu wa pancha, aliyejiegemeza mlangoni kwa mgongo na kuwauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mkimuua huyu, yule pale atapona?" Aliuliza mara ya pili. Jiwe likashuka.

Nimeliwaza jambo hili usiku na mchana. Watu ni walewale, dakika ni ileile. Upande mmoja wanaokoa, upande wa pili wako tayari kuua. Ukimchukua mmojammoja umpeleke kwao, utakuta ni mtoto wa watu, ana mama, anasali, analipa michezo ya kikundi. Tofauti ya pande zile mbili ilikuwa ni nani ameanza, na ameanza nini.

Wataalamu wa saikolojia walishalichunguza hili. Mwaka 1968 John Darley na Bibb Latané walichapisha jaribio walilofanya New York. Waliwaweka vijana kwenye chumba wajaze fomu, kisha wakapitisha moshi kwenye tundu la ukutani. Kijana akiwa peke yake, watatu kati ya wanne walitoka kwenda kutoa taarifa. Lakini akiwekwa na watu wawili walioagizwa wakae kimya kana kwamba hakuna kitu, ni mmoja tu kati ya kumi aliyetoka. Wengine walibaki wanakohoa, wanafikicha macho, wanaendelea kuandika. Hawakuwa wajinga. Kila mmoja alisoma nyuso za wenzake, akaona zimetulia, akaamini hakuna hatari.

Hivyo ndivyo tulivyosimama pale kalavatini. Kila mmoja anamwona mwenzake kasimama, anadhani mwenzake anajua jambo ambalo yeye halijui. Na juu ya hilo kuna lingine: tukiwa 40, kila mtu anajisemea atapatikana wa kusaidia, hivyo mzigo unagawanyika hadi hakuna anayeuhisi begani mwake.

Sisi watu wa Morogoro hatuhitaji kwenda New York kujifunza. Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka pale Msamvu. Mtu mmoja akachota, wa pili akaona mwenzake anachota na hapati madhara, wa tatu akakimbilia ndoo. Moto ulipolipuka, waliofariki pale na baadaye hospitalini walizidi 100, na baadhi yao walikuwa bodaboda kama nyinyi. Nawaombeni msiwaite marehemu wale walafi. Nimesikia watu wakisema hivyo na linaniuma, kwa kuwa anayesema hivyo anajidanganya kwamba yeye angekuwa pale asingesogea. Walitazama nyuso za wenzao, wakaona zimetulia.

Sasa msikate tamaa na binadamu. Kuna watafiti waliokaa kutazama picha za kamera za mitaani, ugomvi 219 wa kweli, katika miji ya Lancaster kule Uingereza, Amsterdam na Cape Town. Utafiti huo ulitoka 2019. Walikuta kwamba katika ugomvi tisa kati ya kumi alijitokeza angalau mtu mmoja kuamulia, na kadiri watu walivyokuwa wengi ndivyo uwezekano wa mmoja kujitokeza ulivyoongezeka. Umati una mikono mingi, na hiyo ni neema. Kumbukeni Bukoba, Novemba 6, 2022, ndege ilipoangukia ziwani ikiwa na watu 43. Waliofika kwanza ni wavuvi na mitumbwi yao. Hakuna aliyewaagiza. Watu 24 walitoka hai.

Kwa hiyo sina shaka na mioyo yenu. Nina shaka na mambo mawili: haraka na hofu.

Haraka naijua kwa kuonja. Mwaka 1987, nikiwa nesi kijana, nilikuwa nawahi zamu ya asubuhi. Njiani nikamwona mzee amekaa juu ya jiwe, mkono mmoja kifuani, jasho linamtoka na jua halijachomoza. Nilimwamkia. Akaitikia kwa shida. Nikapita, maana siku mbili nyuma nilikuwa nimechelewa na kukaripiwa mbele ya wenzangu. Saa tatu asubuhi wakamleta kwenye mkokoteni, wodini kwangu, na nilimjua kwa shati lake. Alifariki kabla ya adhuhuri. Wanawe walinishukuru kwa jinsi nilivyomhudumia. Sikuwaambia. Ni mara ya kwanza naliandika.

Miaka mingi baadaye nilisoma juu ya jaribio la Darley huyohuyo na mwenzake Daniel Batson, la mwaka 1973, lililowahusu wanafunzi 40 wa seminari kule Princeton, Marekani. Waliambiwa waende jengo la jirani wakatoe mada, na baadhi yao mada yenyewe ilikuwa ule mfano wa Msamaria mwema. Njiani aliwekwa mtu ameinama, anakohoa na kugumia. Wale walioambiwa wana muda wa kutosha, zaidi ya nusu walimsaidia. Wale walioambiwa wamechelewa, ni mmoja kati ya kumi. Wako waliomruka kabisa wakikimbilia kwenda kuhubiri Msamaria. Nililia niliposoma, si kwa sababu lilinipa udhuru, ila lilinionyesha jina la kitu kilichonishinda asubuhi ile. Nyinyi mnaishi ndani ya haraka. Bosi anasubiri hesabu, na abiria akikupita amechukuliwa. Najua hesabu ya siku haingoji mtu aliyelala barabarani. Nawaomba mkubaliane hapo kijiweni, leo kabla haijatokea tena, kwamba atakayesimama kumsaidia majeruhi mtamchangia hesabu yake ya siku ile. Mkigawana nyote haifiki bei ya chai na chapati.

Hofu nayo ina sababu. Mnasema ukimgusa majeruhi utaambiwa wewe ndiye uliyemgonga. Basi msiende mmoja. Mmoja akae na mgonjwa na kumweleza nesi wa mapokezi mmemtoa wapi na saa ngapi, mwingine aende kituoni kufuatilia PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi. Polisi ni 112, zimamoto 114, ziandikeni hata kwenye tangi la pikipiki. Damu ikiruka, kandamiza kwa kitambaa na usikiinue kuchungulia, kikilowa ongeza kingine juu yake. Helmeti msiivute kama anapumua. Msimnyweshe maji. Msimzoe kwa mikono na miguu kama gunia. Mwacheni alale alivyo, isipokuwa kuna moto au magari yanawajia. Na mkiomba msaada, msipige kelele hewani "jamani saidieni". Hewa haina masikio. Mwonyeshe mtu mmoja, mtaje kwa nguo yake, mpe kazi moja. Yule mdogo wenu alifanya hivyo bila kufundishwa na mtu.

Sasa lililonifanya nishike kalamu hasa.

Jumapili ile kijana huyo alikuja kwangu. Alikaa kwenye kigoda uani, chai ikapoa mbele yake. Nikamwambia umeokoa mtu, mwenzako amefungwa plasta ya mguu na anakula ugali. Akasema, "Mama, mimi ni bodaboda tu." Alilisema hilo "tu" kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja ugonjwa. Nimeshawasikia wengi wenu mkilisema. Kidato cha nne kimekwisha, ajira hakuna, pikipiki ya mtu, maisha yanasubiri yaanze. Kijana anakaa juu ya pikipiki kutwa nzima akijiuliza yeye ni wa nini hapa duniani.

Alikuwepo daktari wa Vienna, Viktor Frankl, Myahudi. Kuanzia 1942 hadi 1945 Wanazi walimfunga katika kambi nne. Wazazi wake, kaka yake na mkewe wote walikufa huko. Alitoka akiwa na jambo moja analolifundisha: kwamba badala ya mtu kuyauliza maisha yana maana gani, yeye ndiye anayeulizwa na maisha, kila siku na kila saa, na jibu analitoa kwa anachofanya. Wodini niliyaona hayo bila kuyasoma. Nilikuwa na mgonjwa mmoja, mchungaji wa ng'ombe, nyonga imevunjika. Kila alfajiri aliniuliza, "Nesi, mvua imenyesha? Ndama wangu amenyonya?" Ndama yuko mbali kuliko alivyoweza kwenda, lakini alimshikilia huyo mpaka akasimama kwa magongo. Maana ya maisha yake ilikuwa imemsubiri nyumbani, kwenye jambo ambalo lisingefanywa na mwingine kama yeye.

Ile Jumanne swali liliulizwa pale kalavatini, mbele ya watu 40, wakiwemo wenye digrii na mimi mwenye miaka 34 kazini. Aliyejibu ni deiwaka. Kwa hiyo "tu" hiyo naikataa.

Alikuja pia kwa sababu hapati usingizi. Akifumba macho anaiona ile damu, na harufu ya petroli inamtetemesha. Amekuwa akinywa ili asinzie. Wanangu, hilo halimpati mwoga, humpata mtu aliyeona. Kwa wengi hupungua lenyewe wiki zinavyopita, mradi wana wa kuzungumza nao. Likizidi mwezi, hospitali kuna wahudumu wa afya ya akili, na kwenda kwao ni kama kwenda kufungwa plasta. Pombe inalizika hai tu. Msimtanie kwamba amekuwa laini. Mkaribisheni akae katikati, mwacheni aisimulie tena hata kama mmeshaisikia.

Na wewe uliyeshika jiwe la pili: nakuona unavyoinama nikipita. Njoo. Sikuandika barua hii kukufukuza. Jiwe ulilishusha mwenyewe, hakuna aliyekupokonya, na ningependa kusikia kutoka kwako kilichokupitia kichwani wakati fundi alipouliza mara ya pili.

Jumapili hii saa nne asubuhi nitakuwa uani kwangu. Nina bandeji za mazoezi, na mama muuza ndizi ameahidi khanga kuukuu. Reflekta ya mdogo wenu ipo kwangu pia. Nimeifua mara tatu kwa maji baridi na chumvi, doa moja limebaki upande wa kushoto, karibu na mfuko. Mwambieni aje aichukue.

Mama yenu,
Nesi mstaafu