Barua ya Wazi kwa Mjomba Anayetaka Kuachana na Simu

Mjomba wangu mpendwa,

Pokea salamu zangu na za nyumba yangu. Nimepata habari kwamba umeshaamua, au umekaribia kuamua, kuwa mwezi huu ukiisha utamrudishia binti yako simu aliyokununulia, laini utaiacha ife yenyewe, na anayekuhitaji atakuja Buruburu abishe mlango au akuandikie barua. Baadhi ya jamaa wamelicheka jambo hili, na wengine wanasema ni hasira za uzee zitakazopoa. Mimi sikucheka, na ndiyo maana ninakuandikia kirefu. Ninakuandikia hadharani, bila kukutaja jina, kwa kuwa wapo wazee na vijana wengi katika jiji hili la Nairobi wanaolipima shauri hilo hilo kimyakimya, nao huambiwa tu kwamba mjini hakuishiki bila simu, pasipo mtu kuchukua nafasi ya kuwaeleza kwa nini.

Malalamiko yako ni ya haki, na ninataka hilo lieleweke kwanza. Kabla hujamaliza chai ya asubuhi, simu hiyo imekwisha kukuletea ujumbe wa tapeli anayekuagiza “ile pesa tuma kwa nambari hii”, ombi la mchango wa harusi ya kijana ambaye hata uso wake huujui, picha ile ile ya maua ya kukutakia siku njema kutoka kwa watu watatu tofauti, na ubishi wa siasa katika kundi la WhatsApp ambalo liliundwa kwa ajili ya matanga yaliyokwisha zamani na ambalo hakuna anayethubutu kulifunga. Usiku nao una yake, maana umesema mwenyewe kwamba hufungua video moja kabla ya kulala na kushtukia saa nane. Binti yako alikupa zawadi kwa moyo safi, lakini zawadi za watoto wetu aghalabu huja na kazi ndani yake, na kazi ya hii ilikuwa kwamba uwe unapatikana wakati wowote.

Lile la kampuni ya mikopo iliyokuwa ikikupigia na kukufokea kwa deni la aliyekuwa mpangaji wako, kwa sababu tu jina lako lilikuwa katika simu yake, nalitenga na mengine, kwa kuwa hilo si kero bali ni kosa. Kanuni za Benki Kuu ya Kenya za mwaka 2022 kuhusu wakopeshaji wa kidijitali zinamkataza mkopeshaji kuchota majina yaliyo katika simu ya mdaiwa ili awasumbue jamaa na marafiki zake, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakupa haki ya kupeleka malalamiko kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data. Ukiiua laini yako kwa ajili yao, utakuwa umehama nyumba yako mwenyewe kwa sababu ya mgeni mkorofi. Niko tayari kukusaidia kuandika malalamiko hayo, iwe utaacha simu au hutaiacha.

Habari ya mionzi, ambayo rafiki yako mmoja amekuwa akiitilia mkazo, naipita upesi. Mwaka 2011 taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani iliyaweka mawimbi ya redio, yakiwemo ya simu, katika kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani. Hilo ni kundi la mashaka, si la uthibitisho, na sidhani kwamba ndilo linalokusukuma.

Tatizo langu na uamuzi wako, Mjomba, ni kwamba unavitupa pamoja vitu viwili ambavyo havikuzaliwa siku moja. Kuna kile kioo kinachokunyima usingizi, na kuna laini. Tangu M-Pesa ilipoanzishwa Machi 2007, nambari ya simu katika nchi hii imekuwa ikiongezewa kazi juu ya kazi, hata leo kuongea kwa simu imekuwa kazi yake ndogo. Maji, karo ya mjukuu, nauli, hata sukuma wiki ya mama mboga aliye karibu na lango lako, ambaye siku hizi ukimpa noti ya elfu moja anakutazama kana kwamba umemkosea, vyote hupitia hapo. Serikali nayo ikafuata: mwaka 2023 iliagiza malipo ya huduma zake yapitie eCitizen, tovuti yake ya huduma, kwa nambari moja ya malipo (Paybill), 222222. Mamlaka ya Afya ya Jamii ilipochukua nafasi ya NHIF, ile bima ya afya ya zamani, mwezi Oktoba 2024, watu waliambiwa wajisajili kwa simu, kwa kubonyeza *147#. Hata hizo barua unazozitamani zina mkasa wake, kwa maana Posta yenyewe ina huduma ya MPost ambayo huigeuza nambari ya simu ya mtu kuwa anwani yake ya posta. Nilipolisoma hilo nilicheka peke yangu, kisha nikakufikiria wewe na stempu zako.

Chukua stima peke yake. Mita ya nyumba yako ni ya kulipia kabla. Nimekuona ukisimama mbele yake, miwani imeshuka puani, simu mkono wa kushoto, kidole cha kulia kikibonyeza tarakimu ishirini za tokeni, nne nne, na ukikosea moja unaanza upya huku ukinung'unika kwamba zamani bili ililetwa na mtu mwenye baiskeli. Siku utakapokuwa huna simu, tarakimu hizo hazitakoma kuhitajika. Utamwomba mtu akununulie tokeni kwa simu yake, kisha akuandikie kwenye karatasi.

Mtu huyo ni nani? Hapa ndipo nakuomba ufikiri sana kuliko kwingine kote. Katika Nairobi hakuna mtu asiye na simu. Kuna mtu anayetumia simu ya mwingine. Ukiiacha yako, simu yako itakuwa ya mkazamjomba. Yeye ndiye atakayepigiwa na daktari wa macho kuhusu miadi yako, yeye ndiye atakayeulizwa na wanachama wa chama chenu kwa nini mchango wako umechelewa, yeye ndiye atakayepokea msimbo kila unapotaka kuingia katika akaunti yako ya serikali, na yeye ndiye atakayewajibu wale wale wa harusi na harambee unaowakimbia. Utulivu wako utakuwa umenunuliwa kwa fedha za mwenzako, na sijasikia mtu yeyote akisema kwamba mkazamjomba alishauriwa. Naye, akiwa mtu mwema, atasaidia, mara ya kwanza na ya pili.

Isitoshe, laini haifi kama unavyodhani. Laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa, na baadaye nambari hiyo hugawiwa mteja mwingine. Basi fikiria kijana fulani wa Rongai amenunua laini mpya na ikawa ndiyo nambari uliyoitumia tangu ulipokuwa kazini. Wale wazee wenzako mliofanya kazi pamoja, ambao wamekuandika katika daftari zao, watampigia yeye. Anayekutumia risiti atamtumia yeye. Mwenye deni lako akikumbuka kulilipa, atalilipa kwake, na hata ile akaunti yako ya WhatsApp anaweza kuifungua kwa jina lake, kwa sababu ujumbe wa kuthibitisha utaingia mkononi mwake. Mtu anayetaka kujitenga na ulimwengu hapaswi kumwachia mgeni ufunguo wa jina lake.

Kwa maoni yangu, unachotaka kukiacha si simu bali ni kule kupatikana na kila mtu kwa kila jambo. Wahenga walituasa tusikatae wito, tukatae neno tuliloitiwa, lakini wahenga hao waliitwa na mtu aliyetembea kwa miguu hadi mlangoni, akaketi, akapewa maji, ndipo akasema kilichomleta. Gharama ya kuita ilikuwa ya mwitaji. Leo mwitaji hagharamiki kitu. Anayegharamika ni mwitwa, na mtu anaweza kuitwa mara nyingi kabla ya jua kuchomoza na watu ambao hawangepanda hata matatu moja kumfikia. Kwa hiyo sikulaumu ukikataa wito wenyewe. Wanaokuambia kwamba bila simu hutapata habari za misiba wamesahau kwamba misiba ilikuwapo kabla ya simu, na nyumba nzima ilinyamaza redioni wakati wa matangazo ya vifo, jina likitajwa na kijiji na siku ya mazishi, na watu walifika. Hawakufika wote, wala haikusemwa kwamba aliyekosa kufika hana utu.

Hivyo basi, ushauri wangu ni huu: kiache kioo, ibakishe laini, uiweke katika kabambe. Simu ile ya vitufe, ambayo mashabiki wake huiita mulika mwizi kwa ajili ya tochi yake, inafanya kila kilicho cha lazima katika maisha yako. M-Pesa ilibuniwa kwa simu za aina hiyo, si kwa simu janja, na bado inafanya kazi humo bila intaneti. Tokeni zitaingia kama ujumbe wa kawaida. Benki yako ina msimbo wake wa nyota na reli. Betri yake itadumu siku kadhaa, na wezi wa dirishani kwenye matatu hawataisumbukia. Kurudisha ripoti ya kodi kwa KRA, mamlaka ya ushuru, ambako ni mara moja kwa mwaka kabla ya Juni 30, utakwenda saiba, kule kwenye kompyuta za kukodi, au kituo cha serikali cha Huduma Centre pale posta kuu, GPO, au utaniita mimi.

Simu janja usimrudishie binti yako, kwani atauchukua uamuzi huo kama umekataa zawadi yake. Iweke kwenye droo ya sebuleni bila laini. WhatsApp iliyokwisha kusajiliwa itaendelea kufanya kazi kwa waifai ya nyumbani hata laini ikiwa kwingine, kwa hiyo unaweza kuitoa drooni jioni baada ya taarifa ya habari ya saa moja, ukasoma ya ukoo, ukaitazama picha ya mjukuu, ukairudisha. Makundi yasiyokuhusu uyatoke. Siku hizi mtu akitoka katika kundi habari hiyo haitangazwi kwa wote, huwafikia wasimamizi tu, na katika mipangilio unaweza kuzuia watu wasio katika orodha yako wasikuingize katika makundi mapya. Kijana yeyote wa pale nyumbani ataweza kukufanyia hilo chai ikiwa bado jikoni.

Sitakuficha kwamba utapoteza kitu. Mipango ya ukoo sasa hufanywa kundini, kwa maneno mafupi yanayoandikwa mtu akiwa kwenye foleni, na atakayesoma jioni atakuta uamuzi umekwisha kupita. Utafika kwenye mkutano ukiwa mtu pekee asiyejua kwamba umesogezwa hadi Jumapili. Baadhi ya watu wataona majibu yako yanachelewa na watadhani umewanunia, na itakubidi uwaambie wewe mwenyewe, kwa kinywa chako, kwamba unapatikana kwa simu ya kawaida na kwamba ya WhatsApp unayasoma usiku. Kwangu mimi hasara hiyo inabebeka, kwa sababu ni wewe unayeibeba, si mkazamjomba. Ukiona haibebeki, droo haina kufuli.

Ukikubaliana nami, naomba usiitoe laini hiyo kabla sijafika. Majina mengi uliyoyahifadhi yamo ndani ya simu na katika akaunti yako ya Google, si katika laini, na ukiihamisha leo utajikuta na kabambe isiyomjua mtu yeyote. Tuchague kwanza wanaostahili kuhama nawe, tuyaandike majina yao na nambari zao kwenye daftari, kisha tuyaingize moja moja. Kazi hiyo peke yake itakuonyesha ni nani kati yao umekuwa ukimjibu kwa hiari. Nitapita Jumamosi baada ya saa sita. Laini yako ni ile iliyokatwa ndogo, na kabambe nyingi zina nafasi ya laini kubwa, kwa hiyo itafute ile fremu ya plastiki iliyokuja nayo. Ukiikosa usihangaike, nitanunua nyingine njiani.

Ni mimi mpwa wako.