Zaituni, naomba uje Kapchorwa

Kapchorwa, Jumapili jioni

Kwako dada yangu Zaituni,

Salamu nyingi kama mvua ya huku kwetu. Habari za Jinja, za wodini, za watoto? Goti la mzee limepona? Huku mama anakusalimu, Jesca anakusalimu, na Afande Okot amestaafu hatimaye; siku hizi anafuga nyuki na kuwapigia kelele kama kuruta. Nilitaka niandike "mimi mzima, hofu ni kwako" kama tulivyozoea tangu kambini Rubongi, lakini kalamu imekataa. Safari hii hofu iko kwangu.

Siku zangu zimekatika, Zaituni. Huu ni mwezi wa tano sijaona damu. Sina mimba, usianze kuhesabu vidole.

Mwanzoni nilifurahi. Wewe unajua taabu ya mazoezi yetu ya mbio za baiskeli za milimani: kushinda porini kwa muda wa saa sita, pedi moja mfukoni, maji ya kunawa hakuna, na wanaume watatu mnaofanya nao mazoezi wanakungoja kwenye njia panda. Nikasema Mungu amenipunguzia mzigo. Jesca, mwenzangu wa baiskeli, naye akaniambia ndiyo dalili kwamba mazoezi yamekolea, eti wanamichezo wenzetu wengi huwa hivyo. Kumbe tulikuwa tunaushangilia ugonjwa.

Mwezi wa tatu wake nikaenda zahanati moja. Wakapima mkojo, wakasema huna mimba, nenda nyumbani, ukiolewa zitarudi zenyewe. Hawakuniuliza ninakula nini wala ninafanya kazi gani. Nililia njia nzima nikiteremka Sipi, na pale si mahali pa kulia, zile kona zinataka macho yote mawili.

Basi nikaanza kusoma mwenyewe kwenye simu, usiku, mama akilala. Nikakuta jambo hili lina jina, RED-S, yaani upungufu wa nguvu mwilini kwa wanamichezo, na lina wataalamu wake. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ililitolea tamko mwaka 2014. Mwili wa mwanamichezo ukitumia nguvu nyingi kuliko chakula unachopata, unaanza kubana matumizi kama mama mwenye nyumba mwisho wa mwezi. Moyo lazima upige, mapafu lazima yavute, kwa hiyo unakata kile unachoona kinaweza kusubiri. Kwa sisi wanawake hedhi ni ya kwanza kwanza kukatwa. Estrojeni, ile homoni ya kike, inashuka, na yenyewe ndiyo mlinzi wa mifupa. Hapo nikaweka simu chini. Unakumbuka Pasaka nilivunjika kifundo cha mkono? Nimeanguka mara ngapi mlima huu, kwenye mawe, kwenye matope yanayokamata tairi kama ugali mbichi, nikaamka na kupangusa magoti. Ile ya Pasaka nilikuwa karibu nimesimama! Nikaanguka upande, nikaweka mkono, ukavunjika. Sijui kama ni hilo, lakini sipati usingizi nikilifikiria. Na wanasema baiskeli haiukandamizi mfupa kama mbio za miguu zinavyofanya, kwa hiyo sisi waendesha baiskeli tuko pabaya zaidi.

Nikakaa nikapiga hesabu. Naondoka saa kumi na mbili asubuhi na chai ya rangi. Nashuka hadi tambarare, napanda tena kwa njia za mashambani, jumla ya muda wa saa tano au sita, na mfukoni nina ndizi moja mbivu. Ndizi moja ina gramu kama 27 za wanga, na kwa safari ndefu namna ile wanashauri gramu 60 hadi 90 kwa saa. Kwa saa, Zaituni! Nikirudi nakula ugali na maharage mara moja, nalala. Tena nilikuwa najizuia kwa makusudi, kwa sababu kocha wetu wa zamani alitufundisha kwamba mwepesi ndiye anayepanda mlima. Miaka miwili nimeuamini mdomo ule.

Mama yeye ana maelezo yake. Anasema kiti cha baiskeli kimeponda kizazi. Wanawake wenzake kanisani wamemthibitishia, na wiki iliyopita alifungua pedali zote mbili akazificha. Simlaumu. Tangu Rebecca Cheptegei, yule mkimbiaji wetu wa Olimpiki aliyechomwa moto na aliyekuwa mpenzi wake, azikwe kule Bukwo mwaka 2024, kila msichana wa huku anayetafuta riziki kwa michezo mama humtazama kama mtu aliyekwisha kuagwa. Anaogopa. Ila anaogopa kitu kisicho chenyewe. Kizazi hakijaguswa na kiti, mwili una njaa, na mimi nikimwambia hivyo anasikia kwamba namtuhumu hakunilisha. Akaniambia, "Nyumba hii haijawahi kukosa chakula." Nikanyamaza.

Wala siachi baiskeli, hilo ulijue mapema. Kuna mama mmoja wa Marekani, mwendesha baiskeli Rebecca Rusch, nimemsoma hadi nimemkariri. Alishinda ubingwa wa dunia wa baiskeli za milimani wa saa 24 peke yake mara tatu mfululizo, 2007 hadi 2009, mchana na usiku anazunguka njia ileile. Akashinda Leadville, mbio za maili 100 katika milima ya Colorado, mara nne mfululizo, ya mwisho akiwa amevuka miaka 40. Mbio zile zinaanzia mita zaidi ya 3,000 juu ya bahari na kupanda hadi kama 3,800. Wagagai, kilele cha Elgon yetu, kina mita 4,321! Mimi nina miaka 27 na hewa nyembamba nimezaliwa nayo. Nikimtazama yule naona nina miaka mingi mbele yangu, lakini nitaiendesha kwa mifupa gani?

Na Jesca. Tumeapizana kwamba siku moja tutakwenda Cape Epic, mbio za baiskeli za kule Afrika Kusini, siku nane, wawili wawili, na sheria yao wenzi wasiachane zaidi ya dakika mbili. Mmoja akiishiwa, wote wameishiwa. Sijamwambia Jesca lolote, na nadhani naye hali yake ni hiyohiyo.

Kwa hiyo naomba uje. Siku mbili tu. Mama anakuheshimu, anakuita daktari ijapokuwa wewe ni muuguzi, na neno lako kwake ni zito kuliko langu. Nimeanza kula, wiki ya pili sasa: uji wa maziwa na karanga kabla ya kutoka, chapati na mayai njiani, ndizi nne. Bado sijaona kitu.

Siku zangu zinarudi baada ya muda gani? Ni kweli vidonge vya uzazi wa mpango huleta damu lakini haviponyi chanzo? Nani hapo Jinja au Mbale anapima mifupa, na ni shilingi ngapi? Nimwambie Jesca sasa au ningoje uje? Utapata likizo lini? Na watoto je, nitapata? Hili niandikie wewe kwa mkono wako, hata kama jibu ni baya.

Ukija shuka pale Sipi, nitakupokea. Pedali nimezipata, zilikuwa ndani ya gunia la mahindi.

Dadako,
Chebet