Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Tusome Hataza Kabla ya Kuziomba

Wanachama wenzangu,

Hesabu za chama mtasomewa na mweka hazina, na orodha ya waliojiunga iko kwa katibu. Mimi nitakaa kwenye kazi yenyewe: namna ambavyo fundi wa Kamukunji, mtafiti wa chuo kikuu au kijana mwenye karakana Kariobangi anaweza kuitumia miliki bunifu ili teknolojia imfikie, na kilicho chake kisimponyoke.

Mwaka mzima, swali lililoongoza kwenye meza yetu ya ushauri lilikuwa "Nitazuiaje wasiniibie?" Ni swali la haki, lakini kwa maoni yangu ni la pili. La kwanza ni hili: jambo hili limeshaandikwa na nani, na alifika wapi? Hataza ni mapatano. Serikali humpa mvumbuzi miaka 20 ya kuwazuia wengine, naye huweka hadharani maelezo ya kumwezesha mjuzi wa kazi hiyo kukitengeneza kitu chenyewe. Upande huu wa pili ndio tunaouacha ukilala. Hifadhidata ya Patentscope ya Shirika la Miliki Bunifu Duniani (WIPO) ina nyaraka zaidi ya milioni 100, na Espacenet ya Ofisi ya Hataza ya Ulaya inaipita. Zote mbili ni za bure kwa yeyote mwenye simu na bando.

Tuchukue mashine ya kupasua makadamia. Atakayeandika jina la kifaa pekee kwenye kisanduku cha kutafutia atapata takataka nyingi na kukata tamaa. Kwanza agawe kazi ya mashine: kulisha kokwa, kubana, kupasua ganda, kutenganisha ganda na tunda. Kila kazi aitafutie maneno yake ya Kiingereza, matatu au manne, kisha atumie alama ya uainishaji, yaani msimbo wa kimataifa unaopanga uvumbuzi kwa aina yake. Mashine za kupasua na kumenya kokwa ziko A23N 5, na majiko ya kuni na makaa yako F24B. Alama hiyo haijali lugha, na nyaraka nyingi sana za mashine ndogo za kilimo zimeandikwa Kichina. Patentscope ina tafsiri ya kompyuta ndani yake. Si tamu kusoma, lakini michoro haihitaji mkalimani.

Ukurasa wa kwanza wa hataza husomwa kwa namba zilizo kwenye mabano. Namba 22 ni tarehe ya kuwasilisha ombi, 30 ni ombi la awali linalodaiwa kipaumbele (yaani tarehe yake ndiyo inayohesabiwa), 51 ni uainishaji, 71 ni mwombaji, 72 ni mvumbuzi, 57 ni muhtasari. Wengi huishia hapo kwenye muhtasari, na hilo ni kosa. Muhtasari hautoi haki yoyote. Haki iko kwenye madai, yaani sentensi zinazotaja mipaka ya kinacholindwa, na ujuzi wa karakana uko kwenye maelezo ya katikati, pale mwandishi anaposimulia kwa nini mashine za kabla yake zilishindwa. Kwa makadamia utakuta tatizo lile lile ambalo mafundi wetu hulalamikia. Tunda lenye maji hugandamana na ganda, hivyo likipasuliwa huvunjika. Likaushwe hadi unyevu wake ufike karibu 1.5%, lisinyae na kuachana na ganda. Tena, kokwa hazilingani kwa ukubwa, kwa hiyo nafasi isiyobadilika kati ya rola na bamba husaga zile kubwa na kuziacha ndogo zipite nzima. Fundi aliyesoma hayo ameokoa vyuma na miezi ya kujaribu.

Baada ya kusoma huja swali la kutumia. Hataza haivuki mpaka: iliyotolewa Australia au China pekee haimzuii mtu kutengeneza kifaa hicho hapa Nairobi na kukiuza Thika. Hapa naomba tuwe waangalifu, maana nusu ya ukweli huu ni hatari. Angalia familia ya hataza, yaani maombi ya uvumbuzi huo huo katika nchi mbalimbali, uone kama kuna waraka wenye herufi KE, yaani Kenya, au AP, yaani Shirika la Miliki Bunifu la Kanda ya Afrika (ARIPO) lenye makao Harare. Hataza ya ARIPO iliyoitaja Kenya ina nguvu hapa sawa na ile iliyotolewa na Taasisi ya Mali ya Viwanda ya Kenya, KIPI. Angalia pia umri wa ombi. Aliyepitia Mkataba wa Ushirikiano wa Hataza, ambapo ombi moja la kimataifa hufungua njia ya nchi nyingi, ana miezi 30 tangu tarehe ya kipaumbele kuingia Kenya moja kwa moja, na 31 akipitia ARIPO. Kwa hiyo ombi la mwaka jana ambalo halionekani Kenya leo laweza kuonekana mwaka ujao. Rekodi zetu hazijaingia zote kwenye hifadhidata za kimataifa, basi neno la mwisho liombwe KIPI kwa maandishi. Na bidhaa ikivuka kwenda nchi ambako hataza iko hai, kinga ya Nairobi inaishia mpakani.

Sasa kuomba. Kosa lililotuumiza zaidi ni la tarehe. Sheria ya Mali ya Viwanda ya mwaka 2001 inamsamehe mvumbuzi aliyekitoa hadharani kitu chake mwenyewe, mradi awasilishe ombi ndani ya miezi 12. Watu hulitegemea hilo, wakaonyesha mashine kwenye maonyesho, wakapandisha video, kisha wakaja kutaka ulinzi Ulaya. Huko msamaha huo haupo ila kwa hali chache mno, na video yao wenyewe ndiyo inayowaangusha. Anayewaza soko la nje awasilishe ombi kwanza, hata kama mashine bado haijapakwa rangi. Kuanzia siku hiyo ana miezi 12 ya kudai kipaumbele nchi nyingine. Ombi huchapishwa baada ya miezi 18, na uchunguzi wa kina ni lazima uombwe ndani ya miaka 3. Usipoombwa, ombi linahesabiwa kuwa limeachwa. Hakuna atakayekupigia simu kukukumbusha. Ada ya kila mwaka nayo ikipita, kuna miezi 6 tu ya kulipa pamoja na nyongeza.

Kosa la pili ni la maneno. Dai linaloandikwa "mashine ya kupasua makadamia kwa haraka bila kuvunja tunda" limetaja matokeo ya kazi, halikutaja kifaa. Mchunguzi atalirudisha. Linalosimama huanza hivi: kifaa chenye rola inayozunguka kwenye mhimili, bamba lililopinda linaloelekeana na rola hiyo, nafasi kati yake ikipungua kuelekea chini, na kirekebishi cha kuisogeza au kuibana nafasi hiyo. Mtu akiingiza "boliti ya milimita 10" kwenye dai la kwanza, mshindani atafunga ya milimita 12 na atakuwa nje ya ua wa dai lako. Boliti iwekwe kwenye dai linalofuata, lile linalotegemea la kwanza. Kinyume chake, dai lililopanuliwa mno humeza mashine za wengine, nalo huanguka kwa kukosa upya. Hapo ndipo kusoma kwanza kunapolipa: huwezi kupima ua wako kama hujui jirani amejenga wapi.

Kwa marekebisho mengi ya jua kali, cheti cha modeli ya matumizi kinafaa kuliko hataza. Kinadai kitu kiwe kipya na kitumike kiwandani. Hakidai ile hatua ya kivumbuzi, yaani kitu kisiwe cha wazi kwa mjuzi wa kazi hiyo. Muda wake ni miaka 10, hauongezwi. Wapo wanaokidharau kana kwamba ni cha daraja la pili. Sikubaliani nao: hataza iliyokataliwa haimlindi mtu, cheti kilichotolewa kinamlinda. Umbo la nje la bidhaa husajiliwa kama usanifu wa viwandani, miaka 5 inayoweza kuongezwa mara mbili. Programu za kompyuta zina hakimiliki. Na kusajili jina la biashara si kusajili alama ya biashara. Hizi ni daftari mbili, na kuwa na la kwanza hakukupi la pili. Kabla ya kuchapa lebo, leta fomu TM 27 ya upekuzi.

Anayepeleka ombi la kimataifa kama mtu binafsi, raia na mkazi wa Kenya, hupunguziwa ada ya kimataifa ya uwasilishaji kwa 90%. Waombaji wakiwa wengi, lazima wote wastahili. Ukiiingiza kampuni yako kama mwombaji mwenza, punguzo limekwenda. Na kwa walioajiriwa: kilichovumbuliwa katika kutekeleza mkataba wa kazi ni cha mwajiri, isipokuwa mkataba useme vingine. Someni mkataba kabla ya kuvumbua.

Kuhusu uhawilishaji wa teknolojia, yaani kuihamisha kutoka kwa mwenye nayo hadi kwa mtumiaji mwingine, jiko la Kenya la udongo lingali somo letu bora. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wazo lilichukuliwa kutoka jiko la ndoo la Thailand, likabadilishwa hapa. Bati likakatwa kiunoni likapata umbo la kengele mbili zilizogeuziana, kikombe cha udongo kikawekwa nusu ya juu tu, kikashikizwa kwa saruji iliyochanganywa na vamikulaiti, madini mepesi yanayozuia joto. Jiko likawa jepesi, likasimama imara wakati wa kusonga ugali, na fundi wa bati akalikata kwa vifaa alivyokuwa navyo. Halikufungwa na hataza, likaenea Kenya na nje ya Kenya. Lakini uhuru huo ulibeba na uchafu: vikombe vilivyochomwa nusu nusu hupasuka baada ya muda mfupi, na mnunuzi hana namna ya kujua lipi lilitengenezwa na mwenye ujuzi. Mchoro husafiri kwa urahisi. Uchanganyaji wa udongo na uchomaji wake hujifunzwa kwa mikono, mbele ya tanuru.

Ndiyo maana mkataba wa leseni unaotaja hataza tu ni mkataba mkavu. Uandikwe nani atakuja kufundisha, kwa siku ngapi, na ni aina gani ya chuma na ugumu gani unaotakiwa. Usikubali kifungu kinachotaka maboresho uliyoyafanya wewe yaende bure kwa mwenye teknolojia, wala kinachokulazimisha kununua vipuri kwake peke yake, wala kinachokuzuia kuuza nje. Sheria inataka mkataba uandikwe na usajiliwe KIPI, na masharti ya kukandamiza kama hayo yanaweza kuufanya ukataliwe. Mrabaha, yaani malipo ya kutumia teknolojia ya mwingine, ukihesabiwa kwa asilimia ya mauzo halisi, elezeni "mauzo halisi" ni nini: baada ya kodi? baada ya usafiri? Ukimlipa asiye mkazi, kodi ya zuio, inayokatwa kwenye malipo kabla hayajamfikia, ni 20%, isipokuwa mkataba wa kodi kati ya nchi useme vingine. Lisiposemwa mapema nani anaibeba, ugomvi utazuka kwenye malipo ya kwanza.

Baadhi yenu mmeuliza kwa nini wenzetu wa Uganda na Tanzania hutajwa kwenye misaada ambayo sisi hatuioni. Ibara ya 66.2 ya Mkataba wa TRIPS, ule wa Shirika la Biashara Duniani kuhusu miliki bunifu, inazitaka nchi tajiri zizipe kampuni zao motisha ya kupeleka teknolojia kwa nchi zenye maendeleo duni zaidi. Uganda na Tanzania zimo kwenye orodha hiyo, Kenya haimo. Tunachoweza kukidai ni Ibara ya 67, ya ushirikiano wa kiufundi na kifedha, inayozihusu pia nchi zinazoendelea. Kwetu sura yake ya karibu ni Vituo vya Usaidizi wa Teknolojia na Ubunifu, mpango wa WIPO ulioanza mwaka 2009, ambako mtu husaidiwa kupekua hataza.

Nalileta sasa pendekezo la kamati. Tusajili alama itakayomwonyesha mnunuzi bidhaa iliyotengenezwa kwa kiwango tulichokubaliana, tukianza na majiko. Sheria ya Alama za Biashara inatoa njia mbili. Alama ya pamoja hutumiwa na wanachama wenyewe, na chama ndicho mmiliki. Alama ya uthibitisho hutolewa kwa yeyote anayefikia kiwango, hata asiye mwanachama, ila mwenye alama haruhusiwi kufanya biashara ya bidhaa hizo. Tukichagua hii ya pili, duka la chama lazima liache kuuza majiko. Njia zote mbili zinahitaji kanuni zilizoandikwa: unene wa bati, jinsi kikombe kinavyopimwa, nani anakagua, na mtu anaondolewaje. Mimi naegemea ya uthibitisho, kwa kuwa mnunuzi wa Gikomba hajali nani ni mwanachama. Anajali kikombe kisipasuke. Rasimu ya kanuni iko kwa katibu. Mafundi wa udongo naomba mje na vikombe viwili viwili kwenye kikao cha kamati ya ufundi, kimoja kizima na kimoja kilichopasuka, tuandike kifungu cha upimaji vikiwa mbele yetu.