Kivumbasi sio gugu jamani

Mhariri, shikamoo kama umenizidi umri, na kama tuko rika moja basi mambo vipi.

Naomba nafasi kidogo niongelee kivumbasi, ule mmea wa majani yenye harufu kali, maana nimechoka. Siku ya usafi, ile Jumamosi ya mwisho wa mwezi, vijana walipita mtaani kwetu huku Nkuhungu wanafyeka majani ya barabarani, wakafyeka na kivumbasi changu cha pembeni ya geti, cha miaka minne. Namuuliza mmoja ananijibu "mama, si majani tu haya?" Nikakosa la kusema.

Mimi natokea Tanga, nilihamia Dodoma 2017 na akili yangu ya pwani nikapanda nyasi za paspalamu mbele ya nyumba. Mvua za huku mnazijua, zinaanza Desemba, Aprili zimeisha, baada ya hapo ni upepo na vumbi mpaka mwaka unakaribia kwisha, na maji ya bomba ni ya mgao. Nimenunua maji kwa dumu nimwagilie nyasi, mimi mtu mzima na akili zangu! Zikafa. Kilichobaki hai ni kitawi cha kivumbasi alichonipa bibi mmoja anauza mboga pale soko la Majengo.

Na kukipanda hakuna utaalamu wa ajabu, unakata kitawi cha shibiri moja ambacho hakijatoa maua, unatoa majani ya chini, unakichomeka kwenye udongo wenye unyevu kivulini, wiki mbili tatu kimeshika. Mbegu pia zinaota ila ni ndogo mno, usizifukie chini, nyunyiza juu juu. Kikishashika kihamishie juani, mimi changu nakipa maji niliyooshea mboga basi, kisituamiwe tu. Mvua zikianza kikate mpaka nusu, kinachipua upya kwa fujo, usipokikata kinarefuka kinabaki miti mitupu.

Maua yake hayana urembo kusema kweli, madogo meupeupe, lakini asubuhi nyuki wanajaa hapo na nyie mnajua asali ya kanda hii ya kati inavyosifiwa.

Majani nachemsha chai mafua yakinibana. Mengine nakausha kivulini, nayaponda nachanganya kwenye ndoo ya maharage, yanakaa miezi bila kubunguliwa (kwa mahindi yakivamiwa na dumuzi, yule wanayemwita skania, hapo sikudanganyi, kivumbasi peke yake hakimuwezi). Jioni tukikaa nje napikicha majani najipaka miguuni, mbu wanapungua kwa muda, harufu ikiisha wanarudi, kwa hiyo chandarua kiko palepale.

Ombi langu mhariri, mnavyoandika kuhusu kupanda miti na bustani huku Dodoma muwe mnataja na hivi vitu vyetu vinavyovumilia ukame, sio kila siku nyasi na maua ya kununua kwenye vitalu.

Kisiki changu kimeshaanza kutoa machipukizi, nimekizungushia mawe na kibao nimeandika DAWA USIFYEKE. Vijana sasa wanakikwepa. Tatizo jipya kuna mtu anapita alfajiri anachuma majani kimyakimya. Dada, kama unasoma hili gazeti, gonga geti tu nitakukatia kitawi chako.

Mama wa kivumbasi,
Nkuhungu, Dodoma