Barua ya Wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Kigoma: Uvinza Ipate Njia Kabla ya Kibao

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Salaam kutoka kwetu tunaoongoza wageni Ujiji na Uvinza.

Utalii wa Kigoma ukizungumzwa, hutajwa Gombe, Mahale na miembe ya Livingstone. Makambi ya kale ya chumvi ya Uvinza, kwenye chemchemi zilizo karibu na makutano ya Ruchugi na Malagarasi, husahaulika. Wanaakiolojia waliochimbua pale mwaka 1967 walikuta dalili kuwa chumvi imepikwa hapo kwa takriban miaka 1,500. Tumesikia sauti zinazotaka kibao kikubwa barabarani. Tunaomba kibao kisubiri, njia itangulie.

Makambi yale hayakuacha kuta. Watu walikuja kiangazi, wakajenga vibanda, wakachemsha maji ya chumvi kwenye vyungu mpaka yakakauka. Mvua ikianza, mto ukipanda, kazi ikasimama nao wakarudi makwao. Kilichobaki ni majivu, mawe ya majiko na vigae vya vyungu vilivyovunjika, tabaka juu ya tabaka. Mgeni akiambiwa "makambi ya kale" hutafuta magofu, asiyaone, kumbe anayakanyaga. Akiokota kigae akakitia mfukoni, kigae hicho kimepoteza tabaka lake na hakitasema tena ni cha zama zipi. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, lakini vigae havina lebo.

Njia yenyewe si ghali. Upana wa mita moja na nusu unatosha, kingo zipangwe kwa mawe yaletwayo kutoka nje ya eneo (mawe ya pale pale huenda ni jiko la mtu). Mawe yalazwe juu ya ardhi, pasichimbwe, maana shimo moja la nguzo hupasua matabaka yote. Panapolazimu nguzo, zisimamishwe nje ya majivu, ziwe za mninga na ziungwe kwa vigingi vya mti. Misumari na mabati huliwa na chumvi. Kibao cha bati kitakuwa kutu tupu kabla rangi haijapauka. Kundi lisizidi watu kumi, mwongozaji mmoja mbele, mwingine nyuma. Wa nyuma ndiye anayeona mikono inayoinama. Ukingoni mwa Malagarasi watu wakae mbali na maji, mamba wapo. Panapogusa eneo la mgodi wa chumvi unaofanya kazi, kibali kipatikane kabla wageni hawajaondoka mjini, si getini.

Msimu mzuri ni Juni hadi Septemba. Hapo ndipo ratiba nyingi zinapokosea, kwa kuwa wageni haohao hutaka pia ziwa, na miezi hiyo ndiyo ya upepo wa kusini-mashariki. Asubuhi Tanganyika hutulia kama mafuta ndani ya bakuli, mchana mawimbi yakaota meno. Basi siku ya kwanza iwe ya Uvinza: takriban kilomita 100 kutoka Kigoma mjini, kutoka alfajiri, kurudi kabla ya giza. Ziwa liwe kesho yake, mtumbwi uondoke saa kumi na mbili asubuhi na kurejea kabla ya saa tano, kila abiria akiwa amevaa jaketi okozi, si kulikalia.

Safari hizo mbili zinaungwa na mto mmoja. Malagarasi unaopita Uvinza ndio unaoingia ziwani kusini mwa Ujiji, na karibu na mdomo wake ndipo Wajerumani walipoizamisha meli yao mwaka 1916, ile iliyoopolewa na Waingereza ikaitwa Liemba. Mwongozaji akiwa na hilo kinywani hahitaji kipaza sauti.

Tunaomba afisa wa mambo ya kale afike kiangazi hiki, atembee nasi na kuweka alama mahali njia isipopaswa kupita. Mawe na vibarua tutatafuta wenyewe.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Waongoza wageni, Ujiji na Uvinza