Uhakiki wa hadithi fupi haujapotea

Tudor, Mombasa

Kwako shoga yangu Mwanaisha,

Salamu nyingi za kheri. Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi, ila joto tu ndilo limetushika.

Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, maana jambo la tasnifu yako linanigusa. Unasema umetafuta uhakiki wa "Tumbo Lisiloshiba" ukaletewa miongozo ya kidato cha nne, kurasa kwa kurasa, hata ukaanza kuamini hakuna mtaalamu aliyeishughulikia hadithi hiyo. Usikate tamaa mapema hivyo. Na ile miongozo iache. Inakupa muhtasari, wahusika na dhamira ili mwanafunzi apite mtihani. Mhakiki huwa na hoja anayoitetea, nawe unahitaji mtu wa kujibizana naye.

Shida ni kwamba hadithi fupi hupewa makala yake yenyewe mara chache sana. Riwaya ndiyo hutajwa kwenye anwani. Hadithi fupi hupata aya mbili tatu ndani ya makala kuhusu mwandishi, au mkusanyiko mzima, au suala kama unyakuzi wa ardhi. Naona ni dhuluma kwa utanzu huu, lakini ndivyo ilivyo, na utafutaji wako lazima uifuate hali hiyo. Anza na mwandishi wa hadithi yako, Said Ahmed Mohamed mwenyewe. Jaribu jina lake kila linavyoandikwa: Said A. Mohamed, S. A. Mohamed. Tena tahadhari, usimchanganye na Mohamed Suleiman Mohamed, Mzanzibari mwenzake, ambaye naye kaandika riwaya na hadithi fupi. Hifadhidata zitakuletea wote wawili. Majina yana mambo! Ukija kutafuta uhakiki wa zamani wa Ngũgĩ wa Thiong'o, andika pia James Ngugi, kwani ndilo jina lililokuwa juu ya vitabu vyake vya miaka ya 1960.

Jambo jingine, hifadhidata hazitafuti kwa namna moja. JSTOR, ile hazina ya mtandaoni ya majarida ya kitaaluma, huingia hadi ndani ya maandishi ya makala, kwa hiyo humo unaweza kuandika jina la hadithi ndani ya alama za mtajo, ukaikuta imetajwa katikati ya makala ambayo anwani yake haikudokeza chochote. Bibliografia ya MLA, yaani orodha ya maandiko ya kitaaluma kuhusu lugha na fasihi, haiko hivyo. Yenyewe huhifadhi maelezo ya makala tu: anwani, mwandishi, mada. Humo jina la hadithi likikosa kuleta kitu, tafuta mwandishi wake, kisha shuka taratibu. Na andika kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, kwa sababu wataalamu wengi wa fasihi yetu wamechapisha kwa Kiingereza.

Kuna ya bure pia. Swahili Forum, jarida la Chuo Kikuu cha Leipzig kule Ujerumani, liko wazi kwa kila mtu, na baadhi ya makala zake ni za Kiswahili. Litazame pia jarida liitwalo Kiswahili, la TATAKI, taasisi ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mimi ningeanza na hayo mawili kabla ya hizo hifadhidata kubwa, kwa sababu humo wanaotuandikia wanaijua lugha.

Ukipata makala moja nzuri, nenda moja kwa moja kwenye marejeleo yake. Mhakiki mmoja hukupeleka kwa waliomtangulia, na hapo ndipo utakapookota mengi kuliko kwenye kisanduku cha kutafutia.

Makala ikikudai pesa usilipe, shoga yangu. Muulize kwanza mkutubi wa chuo chako, kwani vyuo vyetu vingi hulipia hifadhidata kwa pamoja kupitia muungano wa maktaba, KLISC, na huenda nywila unayo haki nayo tayari. Akishindwa, nitumie anwani ya makala na jina la jarida, nami nitaitafuta huku.

Nisalimie mama na watoto wote.

Shoga yako akupendaye,
Zuhura